Wewe Ndiye Nanga Yetu

Siku tulipoanua matanga ya baba, baba mdogo alisimama katikati ya uwanja wetu pale Tukuyu, akavua kofia, akanishika bega mbele ya watu wote. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, turubai bado linadondosha maji, na wanawake wa jumuiya walikuwa nyuma ya nyumba wanasugua masufuria. Akasema, "Huyu binti ndiye nanga yetu. Kaka ametangulia, lakini nyumba hii haitayumba, maana nanga tunayo." Watu wakaitikia, "Kweli kabisa." Mama akainamisha kichwa. Mimi nikasema, "Ndaga fijo, baba," yaani asante sana kwa Kinyakyusa chetu, kwa sababu sikuona jibu jingine ambalo binti anaweza kumpa baba yake mdogo mbele za watu.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam miezi mitano kabla, baba alipopigwa na kiharusi. Nilikuja na begi moja, nikijua nitakaa wiki mbili. Sasa nimelala kwenye kitanda nilichokiacha nikiwa na miaka kumi na tisa, naisikiliza mvua kwenye bati, na lile neno linazunguka kichwani. Nanga. Nilijua limesemwa kwa upendo. Nilijua pia kwamba kuna kitu kilikuwa kimefungwa shingoni mwangu.

Miaka sita imepita tangu siku ile, na katika miaka hiyo nimelisoma neno hili kuliko nilivyolisoma neno lolote. Naandika leo kwa sababu najua tuko wengi, hasa vifungua mimba, tulioitwa nanga kwenye uwanja wa matanga.

Kitu cha kwanza nilichojiuliza ni hiki: pale uwanjani, ni wangapi kati yetu waliowahi kuiona nanga kwa macho? Tukuyu iko mlimani, chini ya Rungwe, mlima unaokaribia mita 2,960. Kutoka kwetu hadi bahari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 850 za lami, unapita Mbeya, Makambako, Mafinga, unashuka Kitonga, unavuka Mikumi, na bado hujafika. Sisi ni watu wa migomba, chai, viazi na maharage. Kitu tunachokijua cha kushikilia kitu kingine ni kigingi cha ng'ombe. Lakini neno nanga tunalo. Limetufikia ndani ya Kiswahili chenyewe, na limetufikia kanisani. Wamisionari wa Moravian walifungua kituo chao Rungwe mwaka 1891, na tangu hapo ni vigumu kuhudhuria mazishi huku bila kusikia lile fungu la Waebrania, sura ya sita, linaloliita tumaini nanga ya roho. Wazee wetu walilipokea bila kuuliza chuma chenyewe kikoje.

Nilidhani hilo ni jambo la ajabu la kwetu peke yetu, mpaka niliposoma habari za mji wa Ankara kule Uturuki. Jina lake la kale la Kigiriki, Ankyra, maana yake ni nanga, na ni ndugu wa neno la Kilatini lililozaa majina ya nanga katika lugha nyingi za Ulaya. Mji wenyewe uko bara, kwenye nyanda za juu zinazokaribia mita 900, bahari iko mbali nao. Sarafu zake za kale zilichorwa nanga. Pausanias, msafiri Mgiriki aliyeandika katika karne ya 2, anasema kwamba mfalme Midas ndiye aliyeikuta nanga mahali pale akaujenga mji, na kwamba hata wakati wake yeye Pausanias nanga hiyo ilikuwa bado inaonyeshwa katika hekalu la Zeus. Nanga juu ya mlima, na watu wanaijengea mji! Niliposoma hivyo nilijisikia nina ndugu.

Neno letu lenyewe wataalamu wa lugha wanalihusisha na langar la Kiajemi. Lilikuja na majahazi na pepo za kaskazi, kama maneno mengi ya baharini. Kinachonigusa ni kwamba kwa Waajemi langar lilikuwa pia jina la nyumba ambapo masikini na wasafiri walilishwa bure, na hadi leo Masingasinga wanaliita hivyohivyo jiko lao la hekaluni, ambalo yeyote anaingia, anakaa chini, anakula. Nawakumbuka wale wanawake waliokuwa wanasugua masufuria siku ya matanga. Kama kuna mtu alitushikilia wiki ile tusipeperuke, ni wao na yale masufuria yao ya wali na maharage. Baba mdogo angewaelekezea mkono wao, ningeitikia kwa sauti.

Watu wa pwani wana msamiati mzima kwa ajili ya chombo hiki. Nanga ya asili ya majahazi ina makombe manne, yaani zile kulabu zinazochimba chini. Ile ya Kizungu yenye makombe mawili wanaiita baura. Kamba nene inayoishika ni amari. Kuiweka ni kutia nanga, na kuiondoa ni kung'oa. Hilo la mwisho ndilo lililonisimamisha. Kung'oa! Sisi huku tunang'oa maharage yakikauka, tunang'oa visiki, tunang'oa jino. Kumbe baharia naye anapoondoka anafanya kazi ya shamba, anang'oa kitu kilichouma ardhi. Na angalia lugha ilivyokwenda mbali na jambo hilo: magazeti ya Kenya yanaandika kwamba mashindano "yameng'oa nanga," maana yake yameanza. Kwao safari inahesabiwa tangu pale nanga inapoachana na tope. Sisi tukisema fulani ametia nanga, mara nyingi tunasema ameoa, ametulia, amefika. Neno moja lina kufika na kuondoka, na vyote viwili ni kazi yake halali.

Mzizi hauko hivyo. Mzizi ukiung'oa, umeua. Nadhani baba mdogo alisema nanga lakini moyoni alimaanisha mzizi, kwa sababu mzizi ndio anaoujua.

Mimi nanga niliijua kabla ya matanga yale, ingawa nilikuwa nimeisahau. Mama yangu ni Mkisi, amezaliwa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa. Anayepafahamu huko anajua kwamba baada ya Matema ufukwe wa mchanga unakwisha, na milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja hadi majini kama ukuta. Wanawake wa Kikisi ndio wafinyanzi wa vyungu vinavyouzwa nyanda hizi zote. Ukikuta chungu chekundu chenye michoro myeupe sokoni Mbeya, kuna uwezekano mkubwa kimetoka kwa bibi zangu. Vyungu husafirishwa kwa mitumbwi hadi Lyulilo, karibu na Matema, kwa ajili ya soko la Jumamosi. Likizo moja, nikiwa na miaka kama kumi na moja, mjomba alinipakia kwenye mtumbwi wake pamoja na mzigo wa vyungu. Nilikaa katikati, nimekumbatia chungu kikubwa cha kupikia makande, nimeambiwa nisipumue sana.

Hatukuwa tumefika nusu ya njia upepo wa kusini ukaanza. Wavuvi wa ziwa hili wanauita mwera. Unaanza kama mchezo, maji yanakunjamana kidogo, halafu ghafla ziwa lote linainuka. Ziwa letu lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 kutoka kusini hadi kaskazini, na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini kabisa, kwa hiyo wimbi linalotufikia sisi limesafiri sana. Ingekuwa mtumbwi mtupu, mjomba angeukimbiza ufukweni tukaruka. Lakini pale palikuwa na mawe, wimbi lilikuwa linapasuka juu yake, na tulikuwa na vyungu. Ukiupigisha mtumbwi ule kwenye mawe, hasara ni ya wanawake saba au wanane waliofinyanga kwa mwezi mzima.

Mjomba akatafuta kijipembe nyuma ya jabali, mahali ambapo maji yana kina cha kawaida. Si rahisi kupapata, kwa sababu ziwa hili katika sehemu zake za ndani kabisa linafikia karibu mita 700, na kwenye ile kuta ya Livingstone unaweza kuwa hatua chache kutoka ukingoni na jiwe lako lisiguse chochote. Alipima kwa kamba mara mbili. Mara ya tatu akaridhika, akashusha nanga. Ilikuwa jiwe la mviringo lililochongwa kiuno ili kamba isichomoke. Kisha akafanya jambo lililoniogopesha kuliko wimbi: akaendelea kuiachia kamba. Aliachia, akaachia, mtumbwi ukarudi nyuma mbali na pale jiwe lilipoangukia, mpaka nikaona tumeachwa. Mimi niliyekuwa nimekaa karibu na kamba niliishika nikaanza kuivuta, ili tusogelee jiwe. Kwa akili yangu ya utoto, ukimwogopa mbwa unasogea karibu na mama.

Mjomba hajawahi kunipigia kelele kabla wala baada ya siku ile. "Achia! Achia kamba, mama!" Alikuwa akiniita mama, kwa sababu nimepewa jina la bibi yangu, mama yake. Nikaachia. Mtumbwi ukarudi nyuma tena, ukapanda wimbi, ukashuka, ukapanda, na kila ulipopanda kamba ilikaza taratibu halafu ikalegea. Tulikaa hivyo hadi jua likaegemea. Mjomba alinipa kipande cha muhogo wa kuchoma, akaniambia, kwa sauti yake ya kawaida sasa, "Ukiivuta karibu, unaing'oa mwenyewe." Vyungu viwili tu ndivyo vilivyopasuka, na kimoja nilikuwa nimekikanyaga mimi.

Miaka mingi baadaye, Dar es Salaam, nilikuwa napanga chumba Kigamboni na kuvuka na kivuko kila asubuhi kwenda kazini. Nje ya mlango wa bandari meli husimama zikisubiri zamu ya kuingia, zote zimegeuza pua upande mmoja, upande upepo au mkondo unakotoka. Jirani yangu alikuwa baharia mstaafu. Jioni moja nikamsimulia lile jiwe la mjomba, nikitegemea atacheka, maana yeye amefanya kazi kwenye meli ambazo nanga zake ni tani nyingi. Hakucheka. Alichukua kijiti akanichorea chini, na mchoro ule ndio elimu yote ya nanga niliyonayo.

Watu wanafikiri nanga inashika kwa uzito, aliniambia. Uzito unasaidia, lakini jiwe likizama linapoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake kwa sababu maji yanalibeba. Chuma kinapoteza kama thumni. Na meli yenye tani maelfu itashikwaje na chuma cha tani kumi? Kinachoshika ni kombe kuzama kwenye mchanga au tope, na kombe linazama pale tu linapovutwa kwa ulalo, sambamba na sakafu ya bahari. Kadiri chombo kinavyovuta kwa ulalo, ndivyo kombe linavyojichimbia. Lakini ukivuta kwa kwenda juu, kombe linachomoka. Ndiyo maana wanaachia kamba au mnyororo mara tano, mara saba ya kina cha maji, na upepo ukizidi wanaongeza. Ule mnyororo mzito unalala chini, unafanya mvuto ubaki wa ulalo, na wimbi linapoipiga meli mnyororo unainuka kidogo na kurudi, kwa hiyo mshtuko unaishia njiani kabla haujaifikia nanga. Na siku ya kuondoka wanafanya kinyume chake: wanavuta amari fupi, fupi, mpaka meli iwe juu ya nanga kabisa na kamba imesimama wima. Hapo inang'oka yenyewe.

Kitendo ni kilekile kimoja. Ukiachia, inashika. Ukibana, inaachia. Mjomba asiyemaliza darasa la saba alikuwa ameniambia hivyo kwa maneno manne.

Sasa nirudi Tukuyu. Mwaka wa kwanza baada ya matanga, kila mtu alivuta kamba. Sisemi kwa ubaya. Walikuwa wanaogopa, kama nilivyoogopa mimi mtumbwini, na mtu akiogopa anavuta. Nikienda Mbeya mjini kutwa moja napigiwa simu nne. Shangazi akiumwa ni mimi, ada ya watoto wa kaka ni mimi, mpaka wa shamba ukigombewa ni mimi. Nilipata kazi ya muda Uyole, mwendo wa saa moja na kitu kwa daladala, wakaja wazee watatu nyumbani kuniuliza mama namwachia nani. Nikaiacha. Mwaka wa pili nilianza kuwa mkali. Nilimjibu mama vibaya siku moja kuhusu chumvi kwenye mboga, chumvi tu, nikatoka nje nikalia nyuma ya banda la ng'ombe. Naandika haya kwa sababu mtu aliyeitwa nanga haruhusiwi kusema kwamba ameanza kuchomoka, na anapochomoka watu wanashangaa, wanasema alikuwa imara, kapatwa na nini.

Mabaharia wao hawashangai. Wanaijua hali hiyo, nanga inaburura, wanasema, na kwa ajili yake wameweka zamu. Usiku mzima chombo kikiwa kimetia nanga kuna mtu macho, anatazama taa za nchi kavu kama ziko palepale zilipokuwa, anagusa mnyororo kuona kama unatetemeka. Hakuna anayesema nanga ni imara basi tulale wote. Kwetu tuliitia nanga, tukalala wote.

Kuna sura ninayoirudia sana, Matendo ya Mitume 27. Watu 276 wako kwenye meli moja usiku wa tufani, hawajaona jua wala nyota siku nyingi. Wanapima kina: pima ishirini. Wanasogea kidogo, wanapima tena: kumi na tano. Wanaogopa miamba, wanatupa nanga nne kwa upande wa tezi, yaani nyuma, wanaomba kupambazuke. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu hizo nanga nne. Sijasikia mahubiri kuhusu mstari unaofuata, ambapo mabaharia wanashusha mashua kwa kisingizio kwamba wanakwenda kutia nanga nyingine upande wa omo, yaani mbele, kumbe wanataka kutoroka. Nawajua watu hao. Wapo waliosimama kwenye matanga yetu wakasema, sisi tupo, tutamsaidia huyu binti, huku mguu mmoja uko tayari kwenye mashua. Na mwisho wa sura hiyo, kulipokucha na ufukwe ukaonekana, walizikata zile nanga nne wakaziacha baharini. Zilikuwa zimefanya kazi ya usiku mmoja. Hakuna aliyezilaumu, na hakuna aliyeng'ang'ania kubaki nazo.

Nitapita haraka kwenye maana nyingine ya neno hili, kwa sababu imenisaidia shambani. Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili, Amos Tversky na Daniel Kahneman, waliandika juu ya majaribio yao. Katika mojawapo walizungusha gurudumu lenye namba hadi 100, lililotegeshwa lisimame kwenye 10 au kwenye 65, halafu wakawauliza watu: nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa? Namba ya gurudumu haikuhusiana kabisa na swali. Hata hivyo, kwa walioiona 10, kisio la katikati lilikuwa asilimia 25, na kwa walioiona 65 lilikuwa asilimia 45. Namba ya kwanza ilikuwa imetia nanga akilini, na fikra zao zikawa zinaelea kuizunguka, kwa urefu wa kamba tu.

Niliposoma hivyo nilimwona dalali wa viazi. Tuna eka moja na nusu kule Isongole. Dalali anafika na fuso, hajashuka vizuri, anatamka bei, tena ya chini kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kuanzia hapo mnabishana, unapandisha kidogo, unaona umeshinda, lakini mmekuwa mnaelea kuizunguka bei yake. Na gunia lenyewe ni lumbesa, lile lililoshonewa kilemba juu, ambalo serikali imelikataza na linaendelea kupita barabarani mchana kweupe. Lumbesa nayo ni nanga: tumezoea kuiona ile nundu mpaka gunia la haki linaonekana pungufu. Siku hizi mimi ndiye ninayetangulia kusema. Napiga simu soko la Mwanjelwa, Mbeya, jioni kabla, naulizia bei ya sokoni, na asubuhi dalali kabla hajafunga mlango wa gari nimeshamwambia yangu, kwa kilo, na mizani iko pale kwenye kibaraza. Wengine wanaondoka. Wengi wanabaki.

Mambo yetu ya nyumbani yalibadilika mwezi wa tatu mwaka huu. Nilipata nafasi ya kazi Iringa, ya kudumu, kazi niliyoisomea. Nilikaa nayo kimya wiki nzima. Nilipomweleza mama, alisema tumwite baba mdogo, kwa sababu jambo la nyumba haliamuliwi jikoni. Akaja na wazee wengine wawili, tukawakaribisha kwa chai na ndizi za kuchemsha. Baba mdogo alinisikiliza hadi mwisho, kwa haki kabisa. Kisha akasema kile nilichojua atasema, kwamba nanga haiondoki chombo kikabaki.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na mchoro wa baharia kichwani, nilikuwa na Matendo ya Mitume, nilikuwa na Ankara. Sikupata nafasi ya kutumia hata kimoja, kwa sababu mama alitangulia. Mama yangu hasemi kwenye vikao vya ukoo wa mume wake. Siku ile aliweka kikombe chini akasema, "Shemeji, mimi nimezaliwa ziwani. Kule kwetu nanga ikimaliza kazi tunaipakia mtumbwini, tunaondoka nayo. Hatuiachi majini na mtu akiwa chomboni."

Kukawa kimya. Mzee mmoja akakohoa. Mama akaendelea, polepole, kwamba mdogo wangu wa mwisho amerudi kutoka Tunduma na yuko tayari kulala nyumba ile. Kwamba mtoto wa shangazi atakuja siku za soko. Kwamba yeye mwenyewe bado ana miguu. Akataja zamu, nani na siku gani, kama mtu aliyelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko mimi. Nilikuwa sijui. Miaka sita nilidhani mama ndiye chombo na mimi ndiye niliye chini kwenye tope peke yangu, kumbe naye alikuwa macho usiku, anaishika kamba, anasikiliza kama inatetemeka.

Baba mdogo aliomba muda. Baada ya siku mbili alirudi na mkungu wa ndizi, akasema ni wa safari.

Kabla ya kuondoka nilishuka Matema kumuaga mjomba. Haendi tena ziwani, magoti yamemkataa. Lile jiwe lenye kiuno liko mlangoni, linazuia mlango usijipige upepo ukiingia. Nikamuuliza kamba yake iko wapi. Akasema kamba aliikata vipande zamani, amefungia mbuzi, isipokuwa kipande kimoja ambacho mama alikuja akakichukua. Sikuelewa alikitaka cha nini. Nilikikuta kimefungwa kwenye mkungu wa baba mdogo, asubuhi ile tulipokuwa tunaupakia kwenye gari.

Basi liliondoka stendi ya Nanenane, Mbeya, saa kumi na mbili na nusu. Mama hakulia, wala hakuniambia nirudi lini. Tulipofika Igawa simu ikaita.

"Mmefika wapi?"

"Igawa, mama."

"Haya."

Alipiga tena Makambako. Alipiga tena Mafinga.